Kila Tishu na Namna Yake ya Kupona

Ukijing'ata ulimi leo, baada ya siku chache hata hukumbuki ni upande gani. Ukivunjika mfupa wa mkono utafungwa plasta, na wiki sita hivi zikipita mfupa umeshikana. Lakini gegedu la goti likilika, unaweza kuishi na maumivu yake miaka yote iliyobaki. Mwili ni ule ule, damu ni ile ile, chakula ni kile kile. Kwa nini basi jeraha moja hufunga upesi na lingine hugoma?

Jibu limo kwenye somo ambalo wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani: mwili wa binadamu umejengwa kwa aina kuu nne za tishu, yaani epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva. Tulichora michoro, tukaandika majina pembeni, tukapata alama zetu. Tulichokosa kuambiwa ni kwamba kila moja kati ya hizo nne ina namna yake ya kupona, na hapo ndipo somo zima linapopata maana. Ukijua tishu gani imeumia, unajua pia usubiri muda gani na utegemee nini mwishoni.

Mimi nafanya kazi ya maabara. Daktari anapomwambia mgonjwa "tutachukua kinyama tukipime", kinyama hicho huja kwetu, kimezamishwa kwenye formalini ili kisioze. Tunakiondoa maji kwa alkoholi, kidogo kidogo, kisha tunakiloweka kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa mpaka nta imwingie kila seli. Ikiganda, tunakata kwa mikrotomu vipande vya unene wa mikromita 4 au 5. Milimita moja ya nyama ingetoa vipande 200 na zaidi. Kipande tunakiacha kielee juu ya maji ya uvuguvugu, kinyooke, halafu tunakinasa kwa slaidi. Mpaka hapo huoni kitu, ni kiwingu tu juu ya kioo. Kisha inakuja rangi. Himatoksilini, inayotolewa kwenye mti wa Amerika ya Kati, hupaka viini vya seli buluu ya zambarau, na eosini hupaka kilichobaki rangi ya waridi. Ghafla mpangilio wote unajitokeza: huku seli zimebanana safu kwa safu, kule nyuzi za waridi zinazopinda na seli chache zilizotawanyika. Nimekaa kazini miaka mingi na bado hatua hiyo hunifurahisha.

Ajabu ni kwamba mtu wa kwanza kuzigawa tishu kwa mpango hakutumia hadubini. Hakuwa na imani nayo. Xavier Bichat alikuwa daktari kijana wa Paris aliyezaliwa mwaka 1771. Alipasua maiti kwa wingi, akazichemsha sehemu zake, akazikausha, akaziloweka kwenye asidi, akitazama kipi kinayeyuka na kipi kinakaza. Mwaka 1801 alikuwa amefikia aina 21. Mwaka uliofuata alifariki akiwa na umri wa miaka 30. Hadubini zilipoboreka, orodha yake ilifupishwa hadi nne, lakini wazo lake la msingi halikutikisika: ugonjwa hukaa kwenye tishu kabla ya kukaa kwenye kiungo. Kabla yake madaktari walisema tumbo linaumwa, moyo unaumwa. Yeye aliuliza ni sehemu gani ya moyo: utando wa nje, nyama yenyewe, au ngozi laini ya ndani? Swali hilo hilo ndilo linalojibiwa kila siku kwenye ripoti za patholojia.

Turudi kwa ulimi. Jeraha lake lipo kwenye epithelia, tishu ya mipaka. Popote mwili unapokutana na kilicho nje, epithelia ipo: kwenye ngozi, kinywani, kwenye utumbo, kwenye njia za hewa na za mkojo. Imeitandika hata mishipa ya damu kwa ndani. Seli zake hushikamana ubavu kwa ubavu na hukalia utando mwembamba unaoitwa utando wa msingi. Umbo hufuata kazi. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu seli ni bapa na nyembamba kupita kiasi ili oksijeni ivuke bila kizuizi. Kwenye utumbo zimesimama kama nguzo, maana zina kazi ya kufyonza na kutoa ute. Kinywani na kwenye ngozi zimepangana tabaka juu ya tabaka, za juu zikifa na kubanduka ili za chini zisiguswe.

Kubanduka huko ndiyo siri yake ya kupona. Epithelia imezoea kupoteza seli, hivyo haikosi akiba: chini kabisa kuna seli shina zinazogawanyika mchana na usiku. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hujifanya upya kwa siku 4 au 5 hivi. Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban wiki 4. Ulimi ukijeruhiwa, seli za kandokando hulegeza mshiko, hutambaa hadi katikati ya kidonda zikutane, kisha zinaanza kuongezeka. Kwa mwili kazi hiyo ni ya kila siku, imesogezwa tu mahali palipoumia. Ndiyo sababu pia dawa za saratani zinazoua seli zenye kugawanyika haraka humwachia mgonjwa vidonda kinywani na kuharisha: dawa haichagui, inakuta epithelia ikiwa katikati ya kugawanyika inaipiga nayo.

Bei ya wepesi huo ni kubwa. Kila seli inapogawanyika hunakili maelekezo yake yote ya urithi, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea. Epithelia hugawanyika mno, tena ndiyo inayopokea jua, moshi na kemikali kabla ya tishu nyingine yoyote. Si ajabu kwamba saratani nyingi za watu wazima huanzia humo. Hizo ndizo zinazoitwa kasinoma. Na hapa ule utando wa msingi, ambao mwanafunzi huuchora kwa mstari mmoja bila kuufikiria, unageuka kuwa jambo la kufa na kupona. Epithelia haina mishipa ya damu yake yenyewe. Hulishwa na kinachopenya kutoka chini. Kwa hiyo seli za saratani zikiwa bado juu ya utando hazina njia ya kusafiri. Zikishautoboa, zinakutana na mishipa ya damu na ya limfu, na safari inawezekana. Daktari wa patholojia anaweza kukaa na slaidi moja muda mrefu, akiifuata mipaka ya utando huo toka pembe hadi pembe, na akituomba tumkatie vipande vingine kutoka ndani zaidi ya kile kile kinyama. Yeyote aliyewahi kusubiri majibu siku kadhaa akidhani wamemsahau, ajue kwamba pengine kilichokuwa kinatafutwa ni hicho.

Chini ya utando huo ndiko inakoanza tishu unganishi, ninayoipenda kuliko zote na inayosemwa vibaya kuliko zote. Vitabu huiita tishu ya kujaza na kushikiza, mtu akapita. Tabia yake ni kinyume cha epithelia: seli ni chache na zimekaa mbalimbali, na kilicho muhimu ni kile ambacho seli hizo zimekitengeneza na kukiacha kati yao. Mara nyingi kitu hicho ni kolajeni, protini ya nyuzi ambayo peke yake ni zaidi ya robo ya protini zote mwilini. Ukibadilisha kilichomo kati ya seli unapata kitu tofauti kabisa. Nyuzi zikipangwa sambamba na kubanwa, ni kano inayovuta mfupa. Zikiingizwa madini ya kalsiamu na fosfeti, ni mfupa wenyewe. Zikichanganywa na jeli inayoshika maji, ni gegedu. Damu nayo imo kwenye ukoo huu, jambo linalowashangaza wengi: chembe zake huelea kwenye plazima, ambayo ni takriban asilimia 55 ya ujazo wa damu. Mafuta ya chini ya ngozi ni ndugu yao pia.

Anayedhani kolajeni ikishawekwa imewekwa, aangalie kiseyeye. Mwili hauwezi kuifunga kolajeni vizuri bila vitamini C. Mabaharia wa zamani, waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga, walivuja damu kwenye fizi, meno yakalegea, wakafa kwa wingi. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, aliwachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Waliokula machungwa na malimau ndio walionyanyuka upesi. Lakini kisa kinachonikaa akilini ni cha safari ya George Anson ya kuizunguka dunia, kati ya mwaka 1740 na 1744. Imeandikwa kwamba kati ya watu wake alikuwemo mzee aliyejeruhiwa vitani miaka zaidi ya 50 nyuma. Majeraha yalikuwa yamepona zamani. Kiseyeye kilipomshika, yakafunguka upya kana kwamba hayakuwahi kufunga.

Tafakari maana yake. Kovu la nusu karne lilikuwa bado linavunjwa na kujengwa, siku zote hizo, bila mwenyewe kujua. Vifaa vya kujengea vilipokwisha, kuvunja kuliendelea. Kila kovu ulilo nalo mwilini liko kwenye kazi hiyo hivi sasa.

Mfupa nao ni hivyo hivyo. Seli za aina moja huutafuna, za aina nyingine huujaza, na kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Wanaanga wanaokaa miezi angani, mahali ambapo mifupa haibebi uzito, hupoteza kwenye nyonga kama asilimia 1 hadi 1.5 ya madini kila mwezi. Kwa kuwa mfupa umejaa mishipa ya damu na seli zilizo macho, ukivunjika huwa na sifa adimu: hauponi kwa kovu, hupona kwa mfupa. Kwanza damu huganda penye ufa, kisha gegedu laini hushika pande mbili, halafu gegedu hilo hubadilishwa kuwa mfupa, na kwa miezi inayofuata uvimbe wake huchongwa mpaka umbo la awali likaribie kurudi.

Gegedu la kwenye kiungo, ndugu yake wa karibu, halina bahati hiyo. Halina mishipa ya damu wala neva. Seli zake zimefungiwa kila moja kwenye kijishimo chake, zikiishi kwa majimaji ya kiungo yanayoingia na kutoka kadiri unavyolikandamiza na kuliachia. Ndiyo sababu mwendo ni chakula chake, na kulilaza muda mrefu kunalidhoofisha. Pasipo damu hakuna kuganda, na pasipo kuganda ile hatua ya kwanza ya uponyaji haina pa kuanzia. Mwaka 1743 daktari mpasuaji William Hunter aliandika mjini London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Tangu hapo tiba zimeongezeka, ila tabia ya tishu yenyewe imebaki ile ile. Vijana wanaoambiwa na daktari wa michezo wapumzishe goti huona wanacheleweshwa bure. Laiti wangeiona slaidi ya gegedu, jinsi seli zilivyo chache na zilivyojitenga, wangemsikiliza.

Misuli ina aina tatu, na mbili nitazipita haraka. Misuli laini, ile ya kuta za utumbo, mishipa na mfuko wa uzazi, hukua na kujirekebisha vizuri. Mfuko wa uzazi wenye uzito wa gramu 70 hivi hufikia takriban kilo 1 mwisho wa ujauzito. Misuli ya mifupa, ile tunayoiendesha kwa hiari, ina seli za akiba zilizojibanza kando ya kila uzi, zilizoelezwa na Alexander Mauro mwaka 1961. Ukiichana kidogo mazoezini, seli hizo huamka na kuiziba.

Moyo ni habari nyingine. Hupiga mara kama 100,000 kwa siku, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli ulizozaliwa nazo ndizo utakazokufa nazo. Ungewezaje kulihakikisha jambo hilo kwa binadamu? Njia ilitoka mahali ambapo hakuna mtu angepatarajia. Kati ya miaka ya 1950 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani, na kiasi cha kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, angani kikaongezeka karibu maradufu. Mwaka 1963 mkataba ukakataza milipuko ya aina hiyo, na kiasi kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta kaboni hiyo, watu wakaila, na kila seli iliyozaliwa iliweka kwenye DNA yake alama ya hewa ya mwaka wake. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska huko Uswidi waliipima alama hiyo kwenye mioyo ya marehemu, na mwaka 2009 wakatoa jibu: seli za misuli ya moyo hubadilishwa, ila taratibu mno, kama asilimia 1 kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya hapo ukifika 75. Katika maisha ya kawaida hazifiki hata nusu zilizobadilishwa.

Kwa kasi hiyo, ateri ya moyo ikiziba na kipande cha misuli kikafa, hakuna wa kukirudisha. Wanaokuja ni tishu unganishi. Chembechembe nyeupe huondoa mizoga ya seli, na kwa wiki kadhaa kolajeni inajengwa mahali pale. Kabla kovu halijakaza, ukuta wa moyo huwa dhaifu na unaweza hata kupasuka. Kovu ndilo linalouzuia. Haliwezi kusinyaa na kusukuma damu, na umeme wa moyo hulazimika kulizunguka, kitu kinacholeta mapigo yasiyo na mpangilio. Hata hivyo siwezi kulidharau. Kwenye slaidi ya moyo uliowahi kupata mshtuko, unaiona misuli ya waridi iliyokoza ikifika mahali ikakoma, kisha kolajeni iliyopauka inachukua nafasi, ikishikilia ukuta ambao bila yenyewe usingekuwepo. Mtu huyo alipata miaka mingine ya kuishi kwa sababu tishu moja ilikubali kukaa mahali pa nyingine.

Imebaki neva. Mwaka 1873 Camillo Golgi, wa Italia, aligundua namna ya kupaka seli za neva kwa chumvi za fedha, ambayo hugusa seli chache tu na kuziacha nyeusi tii na matawi yake yote. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliichukua mbinu hiyo, akaiboresha, akaona kwamba kila seli ya neva inajitegemea, huku Golgi akishikilia kwamba zote ni wavu mmoja usiokatika. Walipewa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1906, kila mmoja akiwa na msimamo wake. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kwa sehemu kubwa ni zile zile za utotoni. Kumbukumbu zako zimo kwenye namna zilivyoungana, hivyo kuzibadilisha mara kwa mara kama za utumbo kungekuwa hasara. Zikifa kwa kiharusi, hazirudi. Mgonjwa anayepata nafuu, anayejifunza tena kushika kijiko, hupata kwa sababu zilizosalia zinajipanga upya kubeba kazi.

Nje ya ubongo na uti wa mgongo hali ni tofauti, na watu wengi hawalijui hili. Neva ya mkono ikikatika, sehemu iliyotenganishwa na mwili wa seli hufa. Augustus Waller alilionyesha hilo mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura. Lakini seli za Schwann zilizoivika neva hubaki. Zinasafisha mabaki, zinajipanga mstari, na nyuzi mpya kutoka upande ulio hai huota zikifuata njia hiyo, kama milimita 1 kwa siku. Daktari anaweza kuifuatilia kwa kugonga ngozi kwa kidole: palipofikia ncha ya neva, mgonjwa husikia mchonyoto unaokimbilia vidoleni. Jules Tinel aliieleza alama hiyo mwaka 1915, akiwatibu majeruhi wa vita.

Milimita 1 kwa siku inaonekana ya kutosha mpaka upige hesabu. Neva ikikatika kwenye kifundo cha mkono, hisia zitachukua miezi kadhaa kufika ncha za vidole. Ikikatika shingoni au begani, kiganja kiko mbali kwa mwendo wa karibu miaka miwili, na misuli haisubiri hivyo. Msuli usiopata amri ya neva hunyauka, na baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu nafasi yake huanza kuchukuliwa na mafuta na kolajeni, neva ikifika haikuti wa kumwamuru. Kwa hiyo neva iliyokatwa ni jambo la kumwona mpasuaji mapema, hata kama kidonda cha juu kimeshafunga vizuri na ngozi inapendeza, kwa sababu ngozi ni epithelia na inakwenda kwa saa yake yenyewe.

Wapasuaji walipoona hawawezi kuiharakisha neva, walifupisha safari. Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Ufaransa alieleza upasuaji kwa watu walioumia neva begani hadi wakashindwa kukunja kiwiko. Aliichukua sehemu ndogo ya neva ya ulna, moja ya neva zinazoshuka hadi kiganjani, iliyo hai na inayopita jirani kabisa na msuli wa mbele wa mkono, akaiunganisha na tawi la msuli huo. Kwa kuwa nyuzi hupita jirani, umbali uliobaki kuotwa ni wa sentimita chache tu. Mkono haupotezi nguvu ya maana kwa kuazima sehemu hiyo, na msuli hupata amri ndani ya miezi, ungali msuli. Mwanzoni mgonjwa hukunja kiwiko kwa kufikiria kukaza kiganja, maana hiyo ndiyo kazi ambayo neva ile ilizaliwa nayo. Baadaye, kwa mazoezi, anakunja kiwiko tu.